Dirisha Moja, Mnazi na Mpilipili

Jumatatu, 3 Machi

Mdogo wangu kamletea Mama mnazi. Si wa kuzaa — wa mapambo, ule unaowekwa mapokezi ofisini watu wautazame wakisubiri kuitwa. Dereva wake kauingiza kwa jasho, chungu chenyewe kizito kama gunia la saruji. Chumba cha Mama kina dirisha moja tu la jua, na hapo dirishani ndipo unapokaa mpilipili wake, kwenye ndoo ya plastiki iliyopasuka mdomo.

"Huo utoe, dada. Unamfanya Mama aonekane hana watu."

Hana watu! Na mimi ninayemwogesha ni nani, kinyago? Ndoo ikaenda nyuma ya mlango. Mnazi ukakaa dirishani, pazia likavutwa nusu. Picha tatu. Chai nusu kikombe. Akaaga kwa amri: miti yote miwili maji kila asubuhi, kiasi kilekile, nisibague.

Jumatano, 5 Machi

Kola ishirini na mbili za sare za shule leo. Nashonea humohumo chumbani kwa Mama ili nimwone, kwa hiyo kila nikiinua kichwa kutoka kwenye cherehani nakutana na huo mnazi. Nimejidunga sindano mara mbili kwa hasira.

Mpilipili ule ni mazoezi. Baada ya kiharusi, mtaalamu wa viungo alisema mkono wa kulia upewe kazi ambayo Mama anaipenda. Basi kila asubuhi hushika kikombe kwa mkono ule mbovu, akaunywesha mpilipili. Mwanzoni maji yote yaliishia kwenye gauni lake. Siku hizi nusu yanafika. Sasa ndoo iko nyuma ya mlango, ambako hafikii kutoka kwenye kiti chake. Nimemwambia aunyweshe mnazi. Kanirudishia kikombe. Maneno yake ni machache siku hizi na anayachagua.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepita kwa muuza miche, yule mcheshi wa jirani na duka la uzi. Nikamwambia nina mnazi wa mapambo na mpilipili, na ndugu yangu anataka ilelewe sawasawa. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Mnazi ule, anasema, kwao ni chini ya miti mikubwa. Mwanga unautaka, jua la kuupiga usoni haulitaki, majani yanaungua. Maji usubiri udongo ukauke pingili mbili za kidole, ukizidisha mizizi inaoza. Mpilipili ni kinyume: jua saa sita kwa siku, zaidi ya hapo ni heri, maji mara tu udongo wa juu unapokauka, na ukianza maua uongezewe mbolea. Ukiuweka gizani haugombi na mtu, unaangusha maua basi.

"Dada, ukiilea sawa hiyo miti, utaizika yote miwili."

Nyuma ya mlango nimeokota maua saba. Mama alikuwa ananitazama nikiokota.

Nikampigia mdogo wangu kumweleza. Anasema muuza miche lazima aongee hivyo, anatafuta wateja. Kisha ule wimbo wake: mwaka jana Mama alisimama peke yake akaanguka, mimi nikiwa nimetoka kununua uzi, na akisikia Mama amesimama tena bila mtu karibu, anamhamishia kwake siku hiyohiyo. Kwake ni ghorofa ya nne, yeye na mumewe kazini kutwa. Mama abaki anatazamana na televisheni! Kuja kumwogesha hata siku moja hawezi, kumchukua anaweza.

Jumapili, 9 Machi

Nimerudisha ndoo dirishani. Pazia nimelifungua lote. Jua limeingia mpaka magotini kwa Mama.

Mnazi nimeuacha palepale.

Niandike kweli, hapa hakuna wa kunisoma. Ningeweza kuusukuma pembeni. Nilijiambia chungu ni kizito. Uongo. Meza ya cherehani naisogeza peke yangu kila nikifagia. Niliambiwa jua litauunguza, nikauacha uungue. Mama alinitazama muda mrefu, halafu akaomba kikombe chake.

Alhamisi, 13 Machi

Majani matano yamekuwa ya kahawia, makavu, kama yaliyosahauliwa chini ya pasi. Asubuhi nilifurahi. Naam, nilifurahi. Mchana furaha ikaniishia, nikausukuma mnazi kwenye kona yenye kivuli. Dakika moja tu, wala sikuhema.

Leo Mama kamimina kikombe kizima bila kulowesha gauni. Siku kama hiyo, na mimi nashindwa hata kupiga makofi kwa aibu.

Jioni mdogo wangu kapiga simu ya video. "Geuza, niuone mnazi wangu." Wangu! Si alimpa Mama? Nikageuza simu.

"Dada, kama mti wa kwenye chungu umekushinda, Mama utamweza?"

Ningejibu nini? Kwamba haujanishinda, nimeuunguza kwa makusudi? Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Anakuja Jumapili kuangalia kwa macho yake.

Jumapili, 16 Machi

Naandikia jikoni, mlango nimeurudishia. Maji ya chai yako motoni.

Kafika saa nne, hajavua hata viatu. Kashika jani moja baada ya jingine. "Nani alifungua pazia?" Nilishavuta pumzi niseme. Nilikuwa nasema, Mungu shahidi wangu! Mama akaniwahi.

"Mimi. Nilisimama, nikafungua."

Maneno matatu. Wiki nzima hajafikisha matatu kwa mpigo. Alidhani ananiokoa, kumbe kanimaliza. Mdogo wangu kasahau mnazi palepale. Kanigeukia mimi.

"Kasimama peke yake. Na wewe ulikuwa wapi?"

Nikasema naweka chai. Chai! Nimekimbia kama mwizi.

Sasa nafanyaje? Nikisema kweli, mimi ndiye dada aliyekomoa mti wa zawadi, na Mama ni mwongo mbele ya binti yake, katika umri ule. Nikinyamaza, nilimwacha Mama asimame bila mtu, na leoleo nguo zake zinaingia kwenye begi. Nimemkasirikia mdogo wangu. Nimemkasirikia Mama pia, nani alimtuma? Lakini zaidi ni mimi. Miezi kumi na minne nimembeba mgongoni, halafu nije nimpoteze kwa pazia.

Nawasikia. Mdogo wangu haamini. Sauti yake imeshuka, ile ya upole ambayo haina upole.

"Haya, Mama. Hebu simama nikuone."

Hawezi. Tangu aanguke hajawahi kusimama bila bega langu. Mama, mwambie umechoka. Mwambie kesho.

Kiti kimelia. Kile cha mbao, hulia hivyo anapokiegemea kwa mkono wa kulia.

Maji yanachemka. Nimezima jiko.



"Dada." Ni yeye ananiita, na si ile sauti aliyokuja nayo. "Dada, acha chai. Njoo."

Kishindo cha mtu kuanguka sijasikia.