Sahani Mbili Ghorofani

Jumatatu, 4 Agosti 2003
Nimefagia, nimechota maji, nimetwanga sombe, majani ya muhogo. Kila siku vilevile tangu nimalize shule. Leo kuna jipya. Neema ametuma neno kupitia mama mmoja anayeuza mihogo sokoni: Ijumaa anakuja. Tuliahidiana tukiwa dawati moja: tukimaliza shule, tutakula kwenye mkahawa ule wa ghorofa, pale bulivari, ile barabara kuu, tuuone mji kutoka juu. Kisha vita vikaugawa mji. Yeye akabaki upande wake, mimi wangu. Sijui kama bado ni rafiki yangu. Nataka awe.

Jumatano, 6 Agosti
Mama hataki. Hamchukii Neema, anaogopa sumu. Mtaa mzima unasema watu wanatiliana sumu siku hizi. "Chupa ya soda bafungue mbele ya macho yako," amesema. "Na kula sahani moja na mutu wa ule upande, hapana." Lakini Neema amelala kwetu mara nyingi. Mama mwenyewe alikuwa akimtengea mchuzi bila pilipili. Ningesema hivyo. Nilinyamaza. Ninajichukia nikinyamaza.

Alhamisi, 7 Agosti
Risasi asubuhi, mbali. Baadaye kimya. Wanamgambo wakifunga kizuizi cha barabarani kati ya pande zetu mbili, basi, imeisha. Nimejizoeza kuagiza chakula mbele ya kioo. Hata kioo kinanitia haya.

Ijumaa, 8 Agosti, jioni
Alikuja! Amekonda. Tulipeana mikono kama wazee wa kanisa.

Juu kuna meza chache na upepo mwingi. Mji wote chini yetu: mabati, mikaratusi, moshi wa jikoni, na mbali kabisa milima ya buluu kuelekea ziwani. Nyumba nyingi hazina paa. Nilitafuta kizuizi, sikukiona.

"Iko pale, nyuma ya mikaratusi," Neema alisema.

Kumbe kidogo hivyo. Tulicheka.

Mhudumu akaja. Nikanong'ona nikitazama meza.

"Mamzeli, unaongea na meza?"

Nikasema haraka: bugali, samaki wa ziwani, sahani mbili. Nilidhani mkahawani ndivyo watu wanavyokula. Nyumbani mimi na Neema tulikula sahani moja siku zote.

Zikaja mbili. Yangu nikaitia pilipili. Neema hakugusa yake.

"Sahani mbili ya nini? Unaogopa mukono yangu?"

Hapo ndipo nilipoelewa: alidhani naogopa sumu. Uso uliniwaka. Nikainua sahani yangu nikaimwaga yote juu ya yake, bugali, samaki, pilipili, mchuzi mpaka mezani. Nikamega upande wake. Nikala wa kwanza.

Alinitazama sana.

"Weye! Umeharibu chakula. Sasa yote iko na pilipili."

Akala. Alilia kidogo, akasema ni pilipili. Tulikula mpaka ikabaki miiba. Jua likashuka, mabati yote yakawa mekundu, ya kwao na ya kwetu. Tuliondoka kabla ya giza. Nina furaha. Vidole bado vinanuka samaki.

Jumapili, 10 Agosti
Baada ya ibada mama alikuwa anachagua maharage.

"Mulikula sahani ngapi?"

Moja, nilisema. Kwa sauti.

Akaacha maharage. Akanigusa paji la uso kama anayepima homa, mkono ukakaa hapo kidogo. Kisha akauliza kama Neema bado hapendi pilipili.