Kwako Uliyesema "Mdogo Aanze"

Mwaka umetimia, mama wa nyumba hii, tangu asubuhi ile ulipoinama kufunga kamba za viatu vya kazini usiinuke tena. Moyo, walisema madaktari. Kiatu kimoja kilikuwa kimefungwa tayari. Tulikuita mara mbili tukidhani unatafuta kitu chini ya kiti.

Wifi yako, yule uliyempa jina la Redio kwa sababu hazimiki, ndiye aliyepewa kalamu aandike haya kwa niaba ya wote. Kaka yake mkubwa amemwonya asirefushe. Anajitahidi.

Waliokujua siku za mwisho hawataamini ulivyokuwa zamani. Ulikuwa muuguzi wa wodi ya wanaume, mpole na mkimya mpaka wagonjwa wakakubatiza Sista Nong'ona. Ulifanya kazi ya watu watatu, kisha ukaomba radhi kwa kuchelewa. Kwenye vikao vya hospitali ulikaa karibu na mlango. Ulipofanywa msimamizi wa wodi ulilia jikoni, na hayakuwa machozi ya furaha. "Mkubwa ni jalala," ulisema. "Kila uchafu sasa utatupwa kwangu." Na kweli ulitupwa, nawe ukaupokea wote bila kumgawia mtu hata fagio.

Kisha ukachaguliwa kwenda kwenye mafunzo ya uongozi kwa wauguzi. Ulituambia wamekosea jina. Mumeo ndiye aliyekusukuma. "Nenda tu," alisema. "Ukiona mambo magumu, rudi. Chai ipo." Ukaenda shingo upande.

Hatujui vizuri walikufundisha nini darasani. Sisi tulichokiona ni mazoezi uliyokuja nayo nyumbani. Uliambiwa ujifunze kusema kikaoni mpaka mwisho, ukaigeuza sebule yetu ukumbi. Mumeo akawa mkurugenzi wa hospitali, akavaa miwani yake ya kusomea, akakohoa kikubwa. Ulipofika katikati ya maelezo akapiga meza: "Kikao kimefungwa, Sista. Nenda kaangalie sufuria." Tukaangua kicheko. Wewe ukasimama palepale. "Mheshimiwa mwenyekiti," ukasema, "sijamaliza." Tukaendelea kucheka, hadi tukaona kuwa wewe hucheki nasi. Mumeo akavua miwani. "Samahani," akasema. "Endelea." Ukaendelea mpaka ukamaliza. Sufuria iliungua, na hakuna aliyelalamika.

Tukaanza kuona mtu mwingine akitoka ndani yako, au labda ni yuleyule aliyekuwa amejificha. Uliacha kubeba zamu za watu wasiokuja kazini. Ulijifunza kumwambia mtu "hapana" na kumtazama usoni. Siku moja ulirudi mapema, jua lingali juu, ukakaa kitini ukiwa umekunja mikono. Tukakuuliza kama unaumwa. "Kazi nimewagawia wenyewe," ukajibu, ukacheka peke yako.

Lakini kilichokuwa chako hasa ni ile kanuni ya makabidhiano. Asubuhi, zamu moja ilipoipokea nyingine, desturi ya wodi ilikuwa mkubwa aanze kusema na wengine waitikie kwa vichwa. Ukaipindua. "Mdogo aanze," ukasema. "Mimi nitamalizia." Siku ya kwanza ikamwangukia binti mgeni kazini. Akasema hajui kuitumia mashine mpya ya kunyonya makohozi, na kwamba tangu afike amekuwa akiikwepa. Wakubwa wakamcheka. Ilipofika zamu yako ukasema, "Hata mimi siijui vizuri." Ikabidi fundi aitwe, wodi nzima ikafundishwa, na waliocheka ndio waliouliza maswali mengi kuliko wote. Binti huyo alikuja msibani akatusimulia, maana wewe hukuwahi kulitaja. Sasa naye ameanza mafunzo yaleyale.

Kanuni hiyo ukaileta na nyumbani. Tukikaa kuzungumza jambo la familia, mdogo aanze. Shemeji yako mkubwa, mwalimu mstaafu, alikuja juu. "Yaani mimi nimngoje mtoto wa shule ya msingi? Kwani mimi mgeni hapa?" Ukamjibu kwa adabu zako zote: "Shemeji, ukianza wewe sisi tutaitikia tu. Utakuwa umejisikia mwenyewe." Alinuna, lakini alingoja. Kitinda mimba wako akazoea kusema mbele ya watu wazima bila kutafuna kola ya gauni, na kusema kweli tulipenda kumsikia.

Halafu wakakupigia simu wale waliokufundisha. Walitaka urudi kwao, safari hii uwe mwalimu. Ungehamia chuoni, mbali na hapa, uwe unazunguka hospitali moja baada ya nyingine ukiwafundisha wauguzi wenzako. Jioni ile uliimba ukiosha vyombo. Wewe, Sista Nong'ona! Na uliimba vibaya, Mungu akusamehe, lakini uliimba kwa sauti.

Tukakaa sebuleni. Mdogo akaanza.

"Mama, usiende," alisema kitinda mimba. "Ukienda nani atanisuka?"

Mwanao wa kwanza akasema nenda. Redio akasema nenda. Mumeo akasema lolote utakaloamua ni sawa, na hilo, wifi yako analisema bila kuficha, lilikuwa jibu la mtu anayetaka ubaki lakini anaona haya. Shemeji yako akasema, "Nenda, mama. Udongo uwahi ungali maji." Ukawasikiliza wote hadi wa mwisho. Kisha ukamalizia, kama ilivyokuwa kanuni yako.

"Nimesikia," ukasema. "Nitabaki. Mwakani tutaongea tena."

Hukununa, wala hukumrushia mtu maneno. Kila Jumapili ulimweka mwanao katikati ya magoti yako ukamsuka, naye akilalamika kwamba unavuta. Tulidhani limekwisha. Rafiki yako mliyesoma naye ndiye aliyetufumbua macho baada ya mazishi. Anasema kila mlipokunywa chai kazini ulimwambia habari za mwakani: namna utakavyowaketisha wauguzi kwa duara, namna utakavyowaomba kwanza waseme wanachokiogopa. Ulikuwa na somo la kwanza zima kichwani. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na yanayouma sasa ni yetu. Mwaka uliousubiri umefika, wewe hupo, na wauguzi hao hawajui hata walichokosa.

Wiki ile ya msiba kitinda mimba alimwomba baba yake amnyoe. Baba yake akadhani ni joto, akamnyoa. Nywele zilipoanza kuota akaomba tena. Safari ya tatu mumeo akaweka mkasi chini, akakaa naye sakafuni, na hakuna kati yao aliyetuambia walisema nini. Tangu hapo hatumuulizi mambo ya nywele.

Tumembembeleza. Tumemwambia, "Mwanangu, usijilaumu, ulimpa mama yako mwaka wake wa mwisho nyumbani, kati ya watu wake." Ni maneno matamu, na huenda ni ya kweli. Yeye huyasikiliza kwa heshima, kisha huenda kufua soksi zake.

Shemeji yako naye ana lake. Juzi tulipokaa kupanga tangazo hili alisema, "Angeniacha nianze mimi siku ile, mtoto angenyamaza, naye angeenda."

"Na yule binti wa mashine?" Redio akamuuliza. "Wakubwa wangeanza, si naye angenyamaza?"

"Najua," akasema. "Ndiyo maana inaniuma." Akalia, mzee mzima, na sisi tukamwacha alie.

Hatuwezi kuilaumu kanuni yako. Ndiyo iliyokutoa mlangoni ikakuweka katikati ya kikao. Wala mtoto hana kosa, alisema la moyoni kama ulivyomfundisha. Sisi wakubwa ndio tunaojuta. Tulisema nenda, nenda, kwa midomo mipana, na hakuna hata mmoja wetu aliyesema: nitamsuka mimi.

Lilikuwa neno dogo hivyo. Wifi yako anajua kusuka, na shangazi ni mama. Alikuwa amekaa kwenye kochi la sebuleni, mikono miwili mitupu, anakutazama. Ungeondoka Jumatatu yake.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye siku hizi anapika vizuri, ingawa alikuwa akidai kwamba hawezi. Mwanao wa kwanza. Kitinda mimba wako. Shemeji yako mkubwa. Wifi yako Redio. Rafiki yako wa chai. Na wauguzi wa wodi ya wanaume, zamu zote.

Kila mmoja aliombwa neno la kuweka hapa. Wengi wetu tuliandika, tukafuta. Mwanao mdogo alitoa lake moja, akakataa tulibadilishe:

"Mama, mimi nilisema tu. Sikujua kwamba utanisikiliza kweli."

Maadamu tunapumua, hutatutoka moyoni.