Redio Iliyonyamaza Mchana

Wamagana,
S.L.P. 214, Nyeri.
14 Agosti 1989

Mpendwa dada yangu Wachuka,

Pokea salamu za kaka yako Mutahi. Natumaini wewe, shemeji Wasike na watoto mko wazima, na kwamba mvua ya Kimilili imekuwa na huruma kuliko yetu. Huku baridi ya mwezi wa saba imekataa kuondoka. Mapafu yangu yamechoka. Daktari aliniambia nirudi nyumbani nikapumzike, nami najua maana ya neno hilo. Naandika kidogo, nalala, naandika tena. Ukiona mwandiko umeyumba, ni mkono tu.

Natumia Kiswahili ili Wasike asome mwenyewe, asisomewe na mtu.

Kwa miaka minane na nusu nimeficha kitu ndani ya kikebe cha mafuta ya kujipaka. Ni kidude cheusi chenye miguu kumi na minne, ukubwa wake kama mbegu ya boga. Mafundi tunakiita chipu. Nimekifunga kwa pamba na kukitia humu ndani ya bahasha. Mpe Wasike. Ni chake kuliko changu.

Unaikumbuka ile redio ya mawasiliano aliyokuwa akiitunza kwenye zahanati ya shamba, nje ya Nanyuki. Ndani yake kulikuwa na bodi yenye njia za shaba, na juu ya bodi chipu hii. Kazi yake ilikuwa kama ya askari wa njia panda: mtu akibonya kitufe cha kusema, inafungulia sauti njia ya kutoka, akikiachilia, inafungulia ile ya kuingia.

Sitaki kukurudisha siku ile mama alipozidiwa akiwa kwenu, lakini sina njia nyingine. Wasike aliita gari la wagonjwa kuanzia saa nane mchana. Taa nyekundu iliwaka kila alipobonya. Aliwasikia watu wa Nanyuki wakizungumza na zahanati nyingine, ila yeye hakujibiwa. Lori la shamba lilikuwa limekwenda Kagio. Wito wake ulipokelewa saa moja na dakika tano jioni, baridi ya mlima iliposhuka, na ndivyo ulivyoandikwa katika kitabu cha Nanyuki. Mama hakufika hospitali.

Baada ya mazishi wazee walikaa hapa nyumbani. Ulisema ulimsikia mumeo akiita mpaka sauti ikakauka, wakakujibu kwamba mke hawezi kumshtaki mumewe. Walikuwa wameshaamua kuwa alilewa mchana kutwa akazindukana jioni. Baba mdogo Gicheru akasema, "Ati redio ilisinzia mchana, ikaamka jioni? Hata punda wangu hawezi kunidanganya hivyo." Watu wakacheka, na mama hajamaliza siku mbili kaburini.

Wasike alinigeukia mimi.

"Shemeji, wewe ndiye fundi. Waambie hiyo redio iko na ugonjwa."

Nikasema, "Nimeipima mara tatu. Ni nzima."

Ni kweli nilikuwa nimeipima mara tatu. Niliipima saa moja asubuhi, juu ya meza ya saruji, karakana yetu ya Nyeri ikiwa baridi kama mtungi. Neno langu likatosha. Wakamwambia asikanyage tena boma hili. Ukamfunga Nasirumbi mgongoni, mkaondoka wote bila hata kunywa chai.

Baadaye, alasiri moja, nilikuwa nimeketi mbele ya redio ile ile mezani. Nikaweka kikombe changu cha enameli, chai ikiwa ya moto, ukingoni mwa bodi, kikaegemea mgongo wa chipu. Nikabonya kitufe. Taa ikawaka, sauti haikutoka. Nikaondoa kikombe, nikapangusa chipu kwa kitambaa kilicholowa maji, sauti ikarudi. Nikarudisha kikombe: kimya. Nikachukua mita ya kupimia umeme, nikafuata njia hatua kwa hatua. Amri ya kugeuza ilikuwa inafika kwenye mguu wa chipu, umeme wake kamili. Sauti ilikuwa inaingia upande mmoja. Upande wa pili hapakuwa na kitu.

Redio ilisinzia mchana, ikaamka jioni. Gicheru alisema ukweli mtupu bila kujua. Chumba cha Wasike kilikuwa cha mabati, na jua la Februari unalijua. Hakuna aliyegundua mapema, maana wito wa kila siku ulifanywa saa mbili asubuhi, kabla mabati hayajapata moto.

Chipu hiyo niliipachika mimi, wiki tatu kabla ya siku ile. Mpya ingetoka Nairobi baada ya mwezi na zaidi. Nikang'oa hii kwenye redio mbovu iliyokuwa rafuni. Fundi mwenye akili hupasha moto kifaa cha zamani kabla ya kukiamini. Mimi nilikijaribu kwenye baridi ya asubuhi, nikaandika kwenye kadi, "Imepimwa, sawa," nikatia sahihi, nikaifunga redioni kwa uzi. Wasike aliitazama kadi hiyo kila siku. Aliniamini.

Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja nistaafu, lakini sikunyamaza kwa sababu hiyo. Niliogopa kuwa mwana aliyemuua mama yake. Ilikuwa rahisi zaidi awe mkwe.

Waliokaa siku ile wamebaki wanne, Gicheru akiwamo. Nimewaita Jumapili baada ya ibada, na mwanangu Theuri atawasomea nakala ya barua hii neno kwa neno. Lango liko wazi kwa Wasike, aje au asije. Simwombi anisamehe. Namwomba ajue kwamba sauti yake ilitoka kinywani mwake saa nane, kama alivyosema.

Mke wangu Magdaline anakusalimu, na anauliza kama bado unapenda viazi vikuu. Msalimie Nasirumbi, ambaye sasa ni msichana mkubwa, na Simiyu ambaye sijamwona. Mungu awalinde mnapolala na mnapoamka, na mama awaombee.

Nilitaka kuweka sahihi hapa. Lakini nimeisoma barua tangu mwanzo, nikaona nimeandika "baadaye, alasiri moja," kama mtu aliyesahau siku. Sijasahau. Tulimzika mama Ijumaa. Wazee walikaa Jumamosi. Kikombe kile nilikiweka kwenye bodi siku ya Alhamisi, kabla hatujamzika.

Ndimi kaka yako, akupendaye tangu ulipokuwa wa kubebwa,
Mutahi