Kipimo cha Kofia

Langoni, Amu
Jumatatu, 11 Novemba 2024

Kwako dada yangu mpenzi, Bi Nadra,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta wewe, shemeji na wapwa wangu nyote wazima, na kikohozi cha kitinda mimba wako kimeshakwisha. Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri na kugomba vizuri, nawe wajua hizo ndizo dalili zake za afya. Usishangae kupata barua ilhali simu ipo. Mtandao wa huko kwenu Mkokoni huja na kuondoka upendavyo, nami nina jambo nisilotaka likatike katikati.

Kwanza habari njema. Kile kivimbe cha kichwani mwangu hakipo tena, alhamdulillahi. Alikitoa Daktari Gakii, yule bibi wa Meru aliyehamia hapa mwaka huu. Unajua nilivyo mwoga wa sindano. Nilishika kitanda kwa mikono miwili. Yeye akanizungumzisha habari za bei ya samaki hadi ganzi ikashika, nikawa nasikia kuvutwavutwa tu. Alikitoa na kifuko chake kizima, kwa maana kikibaki kipande hurudi. Kisha akanionyesha: cheupe, mviringo, hakizidi gololi. Dada, nilicheka. Kitu kidogo vile kimenitawala miaka kumi na sita! Kilipelekwa kupimwa, na majibu yamekuja kwamba si saratani. Nyuzi zilitolewa Ijumaa. Kila nikisujudu namwombea dua mama yule.

Najua utauliza nimepata wapi ujasiri. Nimeupata kwa Israa. Harusi yetu niliiahirisha mara mbili kwa kisingizio cha lipu ya chumba, lakini lipu ilikuwa imekauka zamani. Niliogopa siku ya kunyolewa bwana harusi: kofia kando, wembe kichwani, na jamaa wote wamenizunguka wakitazama. Mwishowe Israa akanipigia simu akasema lipu gani hiyo isiyokauka kiangazi kizima, na kama simtaki niseme, atashukuru. Nikamweleza kweli yote. Akaniambia, “Mimi naolewa na wewe, siolewi na kofia. Nenda kwa daktari.” Nikaenda kesho yake.

Mama ameniambia kwamba wewe umekataa kuja harusini. Kwake ulitaja mbuzi wasio na mchungaji, kisha ukalia, ukasema huwezi kukaa watu wakikitazama ulichonifanya. Ndiyo sababu ya barua hii.

Daktari aliniuliza kama kuna mwingine katika ukoo mwenye kivimbe kama hicho, kwa kuwa aghalabu hurithiwa. Nikamwambia hakuna, changu kilitokana na kuanguka utotoni. Akasema kuanguka hakuhusiani. Jioni nikamsimulia Ami Bwanamkuu. Mzee akatazama mlango, akavua kofia yake polepole, na Wallahi alikuwa navyo viwili. “Nami n'navyo kitwani,” akasema, “nalidhani ni boriti nilizobeba ujanani.” Akaongeza kwamba marehemu Baba alikuwa na vitatu. Ukoo mzima, Dada, kila mtu na chake chini ya kofia, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Sasa sikiliza nililolificha. Siku ile nilikuwa na miaka sita, nawe kumi na mmoja. Ni kweli tuligombana ukanisukuma, lakini nilikaa kitako tu, sikuumia popote. Ukatoka kwenda kuteka maji. Hapo ndipo nikapanda kabati kuifuata sukari guru tuliyokatazwa, nikaanguka, kichwa kikapasuka. Mama alipouliza, niliogopa fimbo, nikasema Nadra kanisukuma. Nawe ulipoulizwa hukukana, maana kweli ulikuwa umenisukuma. Ukapigwa wewe. Miaka baadaye kivimbe kilipotokea, watu wakasema ni ule msukumo wa Nadra, nami nikanyamaza tena, nikiwa mtu mzima mwenye ndevu. Nakuomba radhi, dada yangu. Mama nimeshamwambia. Amenigomba hadi adhana ya alasiri, na ana haki.

Tangu wakati huo kila Idi umenishonea kofia kwa mkono wako, ya kina kirefu kuliko za wenzangu, ili inisitiri. Nimezivaa zote kwa shukrani na kwa aibu.

Mama anakusalimu, Ami anakusalimu, na Israa ambaye bado hujamwona anakusalimu sana. Wasalimie shemeji na watoto.

Uzi mwekundu uliomo humu ni kipimo cha kichwa changu cha sasa. Nishonee kofia ya kina cha kawaida, ya siku ya kunyolewa, Alhamisi ya pili ya Desemba. Usimpe mtu ailete. Kinyozi akishamaliza, nataka wewe ndiye unayenivika.

Nduguyo aliyekukosea,
Swafwan