Chumvi ya Bunju Wako

Baba Neema,

Sikuulizi hali, maana nitajibiwa na nani? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananisumbua na hii baridi ya Lushoto unayoijua. Nakuandikia habari za yule bunju wako. Ndiyo, mimi huyu huyu niliyekuwa nikisema samaki asiyeliwa hana kazi ndani ya nyumba ya mtu. Cheka tu.

Siku za matanga nyumba ilijaa. Wanawake wa kanisani walifua, walipiga deki, walisugua hata masufuria niliyokwisha kuyakatia tamaa. Mjomba wako wa Gare akasimama mbele ya lile tangi la kioo pale sebuleni, akauliza kwa nini samaki mnono namna ile hakaangwi. Nikamwambia, "Shikamoo Mjomba, huyo ni bunju, ana sumu. Ukimla tutakaa matanga mawili." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe, wewe hata siku moja hujaimaliza kaburini.

Sasa sikia. Jirani yetu Mama Upendo aliona maji ya tangi yameingia ukungu. Kwa wema wake akayamwaga karibu yote, akajaza maji ya chemchemi, yale safi matamu tunayojivunia huku juu. Na kile kipimo chako cha kioo kinachoelea, ulichopimia chumvi, kilioshwa pamoja na glasi za wageni, kikavunjika. Nitamlaumu nani? Mtu amekuja kukulilia, amekuoshea nyumba, halafu umgombeze kwa ajili ya samaki?

Wageni walipoondoka nikamkuta bunju amelala chini mchangani, tumbo limekuwa jeusi. Yale macho yake, ambayo kila moja huwa na safari yake, yametulia tuli. Nikamtupia konokono wa mferejini, chakula chake kile anachokipasua kwa meno kama mtu mwenye karanga zake. Hakugeuka. Hospitali na wewe uligeukia ukutani hivyo hivyo, Baba Neema, uji nikaurudisha nyumbani. Wewe nilikupoteza bila kuulizwa. Nikasema, huyu hapana.

Kwamba anataka chumvi nilijua. Nani asiyejua? Miaka yote lori lako likishusha kabichi Tanga linapanda na madumu ya maji ya bahari, na wale wauzaji wa Mombo wakikutania kwamba unahamisha bahari kidogo kidogo uje nayo mlimani. Lakini kiasi gani? Hilo ulilifanya peke yako, umeinama, umenyamaza, na mimi napita na ndoo yangu nakusonya. Lilikuwa limebaki dumu moja nyuma ya jiko.

Mama Upendo akasema nimwache, samaki ni samaki, maji safi hayajamdhuru mtu. Neema akapiga simu kutoka Tanga, analia: "Mama, huyo ni wa baharini, mtie maji ya bahari matupu, sasa hivi!" Hiyo haraka yake unajua karithi wapi. Nikamwambia aache kelele, anitafutie mtu anayejua. Akampata bwana mmoja huko huko Tanga anayeuza samaki wa mapambo. Yule bwana akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja tu: "Mama, alivuliwa wapi?" Akanieleza kwamba kuna bunju wa maji baridi ya mtoni, kuna wa bahari, na kuna wa pale mto unapoingia baharini. Huyu wa katikati akiwa mdogo hutaka chumvi kidogo, akikua hutaka zaidi. Usipojua kwao, maji yake huwezi kuyapatia. Akaniambia pia, "Usimbadilishie kwa pupa. Utamuua kwa huruma."

Alivuliwa wapi! Nilikaa pale jikoni nikacheka peke yangu. Pangani, pale kwenye kivuko. Safari yetu ile moja, uliponichukua nikaione bahari kabla sijazeeka, ndivyo ulivyosema, maneno yako hayo. Watoto walikuwa na kidudu ndani ya kopo, kimejivimbisha kama andazi, wanataka kukitupa. Wewe mtu mzima na ndevu zako ukachuchumaa ukakiomba. Mimi nilikuwa nanawa uso kwa maji ya pale pale, yakaniingia mdomoni. Ukauliza, "Yana chumvi?" Nikakujibu, "Yana chumvi ya mpishi mwoga." Ulicheka mpaka ukaegemea lori.

Ladha ile ninayo ulimini mpaka leo. Mimi sura za watu nazisahau, chumvi siisahau. Nikachanganya maji ya dumu na ya chemchemi kwenye sufuria safi, nikaonja, nikatema, nikaongeza, nikaonja tena. Nilipoyafikia yale maji ya Pangani nikazidisha kidogo, maana kile kidudu cha kopo sasa kinajaa kiganja. Kisha ndiyo nikaanza: natoa kikombe cha maji ya tangi, natia kikombe changu, asubuhi kidogo, jioni kidogo, siku hata siku. Umeme ukikatika nalifunika tangi lisipoe kwa blanketi langu, lile lile tulilokuwa tukigombania. Mama Upendo akija ananitazama, anatikisa kichwa, haya makubwa.

Jana asubuhi nikamwamkia kwa Kishambaa, "Onga maundo," kama ulivyokuwa ukifanya, na aibu zangu. Alikuwa amepanda juu. Tumbo jeupe. Jicho moja kwangu, jingine dirishani. Nikamshikia konokono kwa vidole, akaja. Ganda likalia kaa! nikalisikia.

Ndipo nilipolia. Makaburini sikulia, Baba Neema. Najua watu walisema, mwanamke yule ana moyo wa jiwe. Nilikuwa na wageni, nilikuwa na wali motoni, nilikuwa na wewe wa kukusitiri vizuri. Jana nilikaa sakafuni sebuleni nikalia kwa sauti, nikakuita kwa jina lako la ubatizo, ambalo sikulitaja tangu tulipompata Neema. Mama Upendo akaja mbio akidhani samaki amekufa. Nikamwambia, "Amekula." Akakaa chini na yeye, tukalia wote.

Basi pumzika, mume wangu. Neema anapandisha dumu jingine Jumamosi. Maji nitayaonja mimi, kila mara, kabla hayajamgusa bunju wako. Na akijaliwa kuishi kuliko mimi, nitakuwa nimeshamfundisha Mama Upendo kuonja.

Mkeo,
Mama Neema