Babu Yangu Ana Jina

Gatina, Kawangware,
S.L.P. 318,
Nairobi.
9 Machi 2025.

Mpendwa Mbuvi,

Hujambo ndugu yangu? Valentine hajambo? Na huyo mdogo wenu Audrey, ameanza kutembea? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mama anasumbuliwa na magoti tu, lakini Jumapili anafika kanisani Riruta kwa miguu yake na hataki kushikwa mkono.

Salamu zimekwisha. Najua hasira hasara, lakini nimekukasirikia kwelikweli. Nimekupigia simu mara sita, hushiki. Kwa hiyo naandika, na Wakarima, jirani yangu mwenye saiba, kile kiduka cha intaneti, ataipiga barua hii picha akutumie leo hii.

Unajua kazi yangu ni kushona. Tangu Januari nimekuwa nikitafuta mitindo ya zamani ya ushanga na vyondo kwenye maktaba za taifa za nchi za watu. Sikujua ziko wazi namna hiyo! Unaingia bure, hakuna anayekuuliza wewe ni nani. Ramani, magazeti, picha za watu waliokufa kabla mama hajazaliwa, zote hizo kwenye simu. Bando zangu zote ziliishia humo na sikujuta.

Wiki jana nikafungua maktaba ya hiyo nchi uliko, nikaandika "Machakos". Nikashuka, nikashuka, nikamkuta babu yangu mzaa baba. Amekaa kwenye kigoda, anachonga twiga, miguu ya twiga bado ni gogo. Wakarima akaruka: "Wee! Si huyu ni Munyao kabisa!" Na kweli kaka yangu amefanana naye hadi masikio. Chini ya picha wameandika: "Mchongaji wa Kiafrika. Jina halijulikani. Zawadi ya Bw. Mbuvi."

Zawadi! Mbuvi, picha hiyo ilikuwa moja tu. Ulikuja likizo ukamwomba mama, ukasema unakwenda kuisafisha huko kwenye mashine nzuri kisha uirudishe. Miaka kumi tumekuwa tukiambiana pole pole, Mbuvi ana shughuli nyingi. Kumbe umeigawa!

Nikamwuliza mama. Akasema ulimpigia simu siku moja ukamwuliza huyu mzee anaitwa nani, naye akaguna tu, akakuuliza kama umekula. Nawe ukaenda ukasema jina halijulikani! Wewe ni Mkamba au uliokotwa? Yule ni baba mkwe wake, na kwetu mke hamtaji baba mkwe kwa jina. Tangu aolewe hajawahi kulitaja jina lile. Mtoto wa Munyao amelirithi, na mpaka leo mama humwita "Mzee". Mama yako mwenyewe, dada yake, hakutaja jina la baba mkwe wake hadi tukamzika. Sawa, babu yangu si babu yako, mama zetu ndio ndugu. Lakini ungeniuliza mimi. Ungemwuliza Munyao, anayechonga kule Makina kwa vyombo vya babu vilevile. Kuuliza si ujinga, Mbuvi. Ujinga ni huu uliofanya.

Tuliwaandikia maktaba. Walijibu vizuri, siwalaumu. Wanasema jina huwekwa kwa barua ya aliyetoa picha, au kwa sauti iliyorekodiwa ya mtu aliyemfahamu mwenyewe, na sauti hiyo huwekwa hapohapo kando ya picha, bure kwa yeyote duniani. Mwisho ni tarehe 31, kwa sababu wanaandaa maonyesho ya wachongaji na picha ya babu itatundikwa ukutani, kubwa kuliko mlango. Mimi na Munyao tulizaliwa babu ameshakufa. Baba naye hayupo. Aliyebaki ni mama.

Hapa sijisamehe. Nilimwandama siku tatu. Nilimwambia bila lile jina babu atakaa pale kama kitu kilichookotwa njiani. Jana baada ya chai akaniambia nilete simu. Akafunga mlango mwenyewe, akajifunika mdomo kwa leso, akasema: "Ndululu wa Kavoi." Mara moja tu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Halafu akaniuliza, "Sasa hiyo watu wote watasikia?"

Nikamwambia ndiyo, watu wote.

Hakulia. Alikwenda akalala akigeukia ukuta, na muthokoi wake ukapoa kwenye sahani.

Sitawapa walimwengu aibu ya mama yangu waifungue bure kwenye simu zao. Sauti ile nimeifuta. Picha wabaki nayo, pengine wanaitunza kuliko kabati letu. Lakini jina utaliandika wewe, kwa mkono wako, kabla ya tarehe 31: Ndululu wa Kavoi, mchongaji, Machakos. Usinipigie kuniomba msamaha kabla hujaandika.

Msalimie Valentine, umbusu Audrey. Munyao anakusalimu, ingawa alisema nisikuambie. Mama naye anakusalimu, na ananiuliza kama unakula vizuri huko. Mungu akulinde na akupe afya.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo,

Nthenya