Kwa Egidi Kinunda, Ambaye Ziwa Halijamrudisha

Mwaka umezunguka sasa, Baba Notburga, tangu boti uliyopanda Lundo izidiwe na mwera, ule upepo mkali wa kusini, ziwa likakuchukua. Wenzako waliokotwa na wavuvi. Wewe hadi leo hujaonekana.

Watu wakiniuliza kazi yako nilisema, anajenga nyumba zisizolala mtu. Ndivyo nilivyoelewa. Wapiga filamu walitaka duka, gereza, boma la mfalme, nawe ukavisimamisha kwa mbao na turubai, nyuma hamna kitu. Mbao mpya ulizipaka maji ya maganda ya kahawa, zikazeeka siku hiyo hiyo. Ubinafsishaji ulipofika, kampuni yenu ya Dar es Salaam ikauzwa, wenye mali wapya wakasema filamu sasa zinapigwa sebuleni kwa matajiri, fundi wa mandhari wa nini. Ulirudi Mbinga bila kinyongo. Ukapaka rangi maduka ya watu, na kila Noeli ukatujengea pango la kuzaliwa Bwana parokiani. Hata watu wa mbali, wa Matiri, walikuja kuliona.

Kisha vijana wa video wakakuita Lundo uwajengee kaburi. Ulirundika udongo, ukasimamisha msalaba wa mbao, ukaupaka ukafanana na saruji iliyonyeshewa miaka mingi. Asubuhi akina mama wa pale wakafika na unga wa rambirambi vichwani.

"Fundi, mnazika kimyakimya? Sisi si watu?" akauliza mmoja wao, Mama Kunigunda.

"Mama, humo hamna mtu. Ni filamu."

"Basi pokea tu. Nimeshatwanga, siwezi kurudi nao nyumbani."

Ulipotusimulia tulicheka mpaka ugali ukapoa. Wiki iliyofuata ukaenda kumalizia kazi, ukapanda boti ile, ndiyo ikawa basi. Akina mama wale wale walipanda hadi Mbinga na unga wao. Sikuwa na mwili wa kuwaonyesha.

Mwaka ukitimia, ukoo humwita padri abariki msalaba kaburini. Mdogo wako Othmar akasema, "Shemeji, kaburi si lipo Lundo? Kaka kalijenga mwenyewe. Padri aende alibariki, watoto wapate pa kupiga magoti." Notburga naye ananiomba hivyo hivyo, analia.

Nimesali novena nzima, siku tisa. Nimekataa. Siwezi kumwambia Mungu umelala mahali usipolala. Na watu wa ufukweni wakiona msalaba umebarikiwa, wataacha kukutafuta.

Misa ni Jumamosi hii asubuhi, kanisani Mbinga. Ikiisha, wenzetu hufuata msalaba kwenda makaburini. Sisi tutasimama uwanjani, na sijui nitawaambia watoto tuelekee wapi. Nasadiki ufufuko wa wafu, Baba Notburga. Ila mwaka huu haujanifuta chozi hata moja.

Unakumbukwa na mkeo Benadetha, wanao Notburga na Pankras, mdogo wako Othmar, na ukoo wote wa Kinunda. Daima tutakukumbuka, na tutakuulizia kwa kila atokaye ziwani.